Pikipiki ya kwanza: gharama, mavazi na ule utamu wa mbio

Siku hizi ukimuuliza barobaro wa Kisauni au Majengo atafanya nini na mshahara wake wa kwanza, mara nyingi jibu ni moja: pikipiki. Wala si jambo la kushangaza. Msongamano wa magari pale Daraja la Nyali saa moja asubuhi unatosha kumchosha mtu kabla hajaanza kazi, na wakati wewe umebanwa dirishani kwenye matatu, mwenye pikipiki anapita pembeni anaenda zake. Kisha kuna lile ambalo vijana hawalisemi mbele ya mama zao, nalo ni raha. Upepo wa bahari kifuani, mngurumo wa injini chini yako, barabara imefunguka mbele. Nimepanda pikipiki miaka mingi na sitajifanya kuwa raha hiyo siijui.

Habari tunazosoma kuhusu pikipiki hapa kwetu ni za namna mbili: ajali, au lawama kwa bodaboda. Anayetaka kuanza, awe kijana wa kazi, mwalimu wa Kaloleni anayefundisha shule ya mbali, au dada wa Malindi aliyechoka kungoja gari, hapati mtu wa kumkalisha chini akamweleza. Nitajaribu hapa, na nitaanza na pesa, kwa sababu wengi huangushwa na pesa kabla ya kuangushwa na barabara.

Bei ya dukani si bei ya pikipiki

Pikipiki mpya za kazi, zile Boxer, TVS na Honda za cc 100 hadi 150 zilizojaa barabarani, kwa taslimu huanzia kama laki moja na nusu na kupanda hadi laki mbili au zaidi kidogo, kutegemea ukubwa wa injini na duka lenyewe. Wenye taslimu ni wachache. Wengi huchukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na hapo ndipo hesabu inapotaka kalamu na karatasi.

Mpwa wangu alinijia na furaha zake. "Mjomba, wananipa kwa elfu thelathini tu, nyingine nitalipa mia tano kila siku. Mia tano si pesa." Nikamwambia tupige hesabu. Mia tano kwa siku, miezi 18, ni siku kama 540. Hiyo ni shilingi 270,000. Ongeza zile elfu thelathini za mwanzo, jumla laki tatu. Pikipiki yenyewe kwa taslimu ingekuwa 190,000. Basi amelipa 110,000 juu ya bei, na muda wote huo logibuku ina jina la mkopeshaji pamoja na lake, na ndani ya pikipiki kuna mtambo unaoonyesha ilipo. Siku chache asipolipa, inachukuliwa, na yale aliyokwisha kulipa hayarudi.

Sisemi mkopo ni haramu wala halali. Suala la riba wapo masheikh wa kulijibu, na benki za Kiislamu nchini zina utaratibu wa murabaha ambapo benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana tangu mwanzo. Nenda uulize. Ninalosema ni hili: mkopo wa malipo ya kila siku umetengenezwa kwa mtu ambaye pikipiki inamletea pesa kila siku. Bodaboda anayepiga kazi kutoka alfajiri anaweza kuubeba, tena kwa taabu. Lakini ukitaka pikipiki ya kwendea kazini na kutembea Jumapili, mia tano ile itatoka mfukoni mwako mvua ikinyesha, ukiwa mgonjwa, na siku ya Idi. Afadhali ujiwekee hiyo mia tano mwenyewe kwa mwaka mmoja. Utakuwa na zaidi ya laki na themanini, na pikipiki itakuwa yako.

Iliyotumika ni nafuu, na mimi sina ubaya nayo, mradi uangalie vitu vya kuangalia. Logibuku iwe na jina la anayekuuzia, si la "ndugu yangu yuko Saudia". Nambari ya chesisi iliyochongwa kwenye shingo ya fremu ifanane na ya logibuku, na isiwe imekwaruzwa. Umiliki uhamishwe kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen kabla hamjaachana. Karatasi ya mauziano peke yake haitoshi, kwa sababu pikipiki ikifanya kosa au ikitumika katika wizi, anayetafutwa ni mwenye jina. Nenda asubuhi mapema uiwashe ikiwa baridi, kwa kuwa injini mbovu hujificha ikishapata joto. Shika shokamzoba za mbele, ukiona zinavuja mafuta jua kuna gharama inakusubiri. Kisha ipeleke mwendo wa polepole kwenye barabara iliyonyooka, ulegeze mikono. Ikivuta upande mmoja, hiyo imeshaanguka vibaya na fremu yake haijakaa sawa, hata ikiwa imepakwa rangi mpya.

Juu ya bei ya kununua weka leseni, bima, mavazi, mafuta na fundi. Kwa pikipiki ya binafsi leseni ni ya daraja la A2. Ukitaka kubeba abiria wa kulipa au mizigo ya watu, ni A3. Unaanza na leseni ya mwanafunzi kwenye eCitizen, unakwenda shule ya udereva, kisha unafanya mtihani wa NTSA. Najua vijana wangapi wanaendesha bila leseni na kusema trafiki wa hapa wanawajua. Trafiki huenda akakuachilia. Kampuni ya bima haitakuachilia. Ukimgonga mtu huna leseni, au una bima ya binafsi nawe ulikuwa umebeba abiria wa kulipa, bima ina sababu ya kukataa, na deni la hospitali la mtu huyo litabisha hodi kwenu. Bima ya chini kabisa ambayo sheria inalazimisha humlinda yule uliyemgonga. Pikipiki yako ikiibiwa au ikivunjika, hiyo si kazi yake. Anayetaka kulindwa mwenyewe anunue ile kubwa zaidi, na asome maandishi madogo.

Mafuta ndiyo habari njema. Injini ya cc 100 au 125 ikitunzwa huenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja. Kutoka Mtwapa hadi mjini na kurudi ni lita moja au pungufu. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa huwa chini kwa shilingi chache kuliko Nairobi kwa kuwa shehena hushukia hapa.

Chumvi

Kuna gharama moja ambayo mwenzetu wa Nakuru hana, nayo ni hewa ya bahari. Pikipiki iliyolala nje Nyali au Likoni, mita mia chache kutoka ufukweni, huanza kula kutu ndani ya miezi. Hewa ile ina chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na chuma kikilala majimaji usiku kucha kinaoza. Utaiona kwanza kwenye bolti, kisha spoki za magurudumu, kisha cheni, halafu chini ya tangi la mafuta ambako huoni mpaka petroli ianze kudondoka.

Tiba yake ni rahisi ila inataka bidii. Ioshe kwa maji matamu kila wiki. Maji ya kisima chenye chumvi, na visima vingi vya pwani ndivyo vilivyo, yanaongeza ugonjwa. Ikaushe, kisha cheni uipake mafuta. Fundi wengi wa jua kali hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni bora kuliko kavu, lakini oili ile inanasa mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa kama msasa, unasaga meno ya sproketi. Mafuta ya cheni yenyewe si ghali. Na cheni isikazwe ikawa kama uzi wa gambusi: ukiishika katikati kwa kidole, ipande na kushuka kama sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza sana inakatika, ikilegea sana inaruka, na ikirukia kwenye gurudumu la nyuma ukiwa na mwendo, gurudumu linakwama papo hapo.

Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 2,000 au 3,000 kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Joto letu halina huruma na oili iliyochoka.

Kinachovaliwa

Sheria ya barabara ya Kenya inasema mwenye pikipiki na abiria wake wote wawili wavae helmeti na riflekta, na abiria awe mmoja tu. Sote tunajua kinachofanyika. Mishikaki ya watu watatu, wanne, mtoto juu ya tangi. Helmeti imening'inia kwenye mkono wa usukani, inavaliwa ikionekana kofia ya polisi.

Utafiti ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutumia kwa miaka unaonyesha helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa aliyepata ajali ya pikipiki kwa kama asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kitu kingine utakachonunua kwa elfu chache chenye faida hiyo. Lakini iwe helmeti kweli. Ganda la nje hutawanya pigo. Povu gumu la ndani ndilo linalobonyea taratibu ili ubongo usigonge mfupa kwa ghafla. Zile za shilingi mia kadhaa mara nyingi ndani zina sponji laini tu. Bonyeza kwa kidole gumba: sponji inazama hadi kwenye plastiki, povu la kweli linakataa. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, au ile ya Ulaya ya ECE 22.05 au 22.06. Helmeti nzuri ya kufunika uso wote hapa kwetu itakutoa elfu kadhaa, pengine elfu kumi au zaidi. Ivae dukani dakika kumi. Ikubane mashavu kidogo, na ukitikisa kichwa isizunguke. Mkanda wa kidevu ufungwe kila mara, kwa sababu helmeti isiyofungwa hutangulia kuruka wewe hujafika chini.

Kongowea nenda kanunue buti za mitumba, zinazofunika kifundo cha mguu, na jaketi nzito la jinzi au ngozi. Vitu hivyo vya mitumba ni vizuri tena bei yake ina heshima. Helmeti ya mitumba usinunue hata kwa bure. Ikishapigwa mara moja povu lake limekwisha kazi, na kwa nje huwezi kujua.

Wengine watasema jaketi kwa joto hili la Mombasa ni adhabu. Kweli, ukisimama kwenye taa za Buxton saa saba mchana utatoka jasho kama uliyeoga. Yapo majaketi ya wavu yanayopitisha upepo, yenye vikinga ngumu mabegani na viwikoni, na ndiyo yanayofaa kwetu. Ukikosa, hata shati nzito ya mikono mirefu ni afadhali kuliko fulana. Lami ya mchana ina moto, na ngozi ya binadamu inayosuguliwa juu yake kwa mwendo wa kilomita 50 haifiki mbali kabla ya mfupa kuonekana. Glavu pia, kwani kila anayeanguka hutanguliza viganja. Ndara usiziweke hata kwenye fikira. Gia hubadilishwa kwa vidole vya mguu, na ndara ikinasa wakati wa kushuka gia, umekwisha.

Sasa niseme jambo ambalo linatuhusu sisi wa pwani kuliko wengine, na ambalo katika vitabu vya pikipiki vya kigeni hulikuti. Buibui, dera, leso, kanzu na kikoi ni nguo zetu, na ni nguo zinazopenda gurudumu. Ncha ya buibui ikiingia kwenye spoki au cheni ya nyuma, inavutwa kwa nguvu ya injini kabla mtu hajapiga kelele, na anayevutwa nayo ni mama au dada aliyekaa nyuma. Kukaa upande, miguu yote kushoto, kunazidisha hatari hiyo: nguo inaning'inia, mwili hauna pa kushika, na dereva akikata kona uzito wote uko upande mmoja.

Wazee wetu wengi wanaona mwanamke kutanua miguu juu ya pikipiki ni kukosa haya. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao hapa. Suruali pana ndani ya buibui, ncha zikakusanywa na kukaliwa, inasitiri vizuri, pengine kuliko kukaa upande upepo wa kusi ukivuma. Mtandio mwembamba ubanwe ndani ya helmeti na ncha zake ziingie ndani ya nguo, zisiachwe nyuma ya shingo. Na wewe unayeendesha, kabla ya kuondoka geuka utazame. Sema, "Mama, kusanya nguo, tunaondoka." Hakuna mama atakayekasirika. Wenye kanzu Ijumaa, hayo hayo yanawahusu: ipandishe, ikunje, ikalie.

Kujifunza

Shule ya udereva itakufundisha kuzunguka vibati na kupita mtihani. Mengine utajifunza kwenye uwanja mtupu asubuhi, na mtu mwenye subira. Anza na klachi. Pata ile sehemu ambapo ukiachia kidogo pikipiki inataka kwenda, kisha ukae hapo, uende mwendo wa mtu anayetembea bila kuweka mguu chini. Anayeweza kwenda polepole sana kwa pikipiki ameshaimudu nusu yake. Chunguza gia za pikipiki unayopanda, maana hazifanani: kwenye baadhi ya pikipiki za kazi gia zote hukanyagwa mbele, nyingine ya kwanza iko chini na zilizobaki zinainuliwa juu. Mtu akiazima ya mwenzake anachanganya, anashuka gia akidhani anapanda.

Breki ya mbele ina sifa mbaya pwani nzima. "Usiiguse, itakupindua." Ndivyo wengi wanavyofundishana pale steji, nao wanabaki kukanyaga ya nyuma peke yake. Ukweli ni kinyume. Unapofunga breki, uzito wote unakimbilia gurudumu la mbele na la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha, na la nyuma likifungwa peke yake linateleza tu na kuzungusha mkia. Kinachopindua watu ni kuishika ya mbele kwa pupa kama anayenyakua. Ibinye kama unavyokamua limau, kidogo kisha zaidi, pamoja na ya nyuma. Kwenye mchanga tu ndipo unapoilegeza, na pwani mchanga uko hata juu ya lami, umeletwa na upepo na magari yanayotoka njia za ndani, kama Ukunda na Watamu. Ukiuona mbele, punguza mwendo kabla ya kuufikia, upite wima bila kufunga breki na bila kukata kona.

Kona nazo zina siri. Ukiwa na mwendo, pikipiki haikati kona kwa kugeuzwa usukani kama baiskeli ya mtoto. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia mbele kidogo, nayo inalalia kulia na kwenda huko. Waendeshaji wote hufanya hivyo bila kujua. Anayejua ana faida siku mbuzi anapojitokeza ghafla, kwa sababu mkono wake hauganzi. Na macho yatazame njia ya kupita, si kile unachokiogopa. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Ukikodolea lori, utalifuata lori.

Mvua ikianza, zile dakika za kwanza ndizo mbaya, kabla maji hayajaosha mafuta yaliyodondoka barabarani. Simama kibandani unywe kahawa. Njia ya Changamwe kwenda Jomvu hadi Mariakani, iliyojaa malori ya bandarini, mwanafunzi asiikaribie miezi ya mwanzo. Dereva wa trela hakuoni ukiwa ubavuni mwake, na akikata kona mkia wake unakuja kwako. Saa nyingine ya kujihadhari ni ile ya kabla ya magharibi mwezi wa Ramadhani, ambapo kila mtu ana njaa, ana kiu, na anaikimbilia futari yake.

Mbio

Tufike kwenye lile linalowaleta wengi. Mbona mbio ni tamu? Kwa sababu kwenye pikipiki huna ukuta baina yako na mwendo. Ndani ya gari kilomita 80 kwa saa ni usingizi. Juu ya pikipiki ni upepo unaokusukuma kifua, macho yameamka, mawazo ya kodi na kazi yamefutika. Anayekwambia raha hiyo ni ya wajinga hajawahi kuipata. Lakini hesabu yake ni hii, nayo haibadiliki kwa ujana wala kwa dua ya mama.

Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Kwa 100, karibu mita 28. Mtu wa kawaida huchukua kama sekunde moja kuona hatari na kuanza kufunga breki, na sekunde hiyo pikipiki inakwenda bila kupungua. Kisha breki yenyewe: ukizidisha mwendo mara mbili, urefu wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwa kilomita 50, kwenye lami kavu na mkono wenye mazoezi ya kiasi, utasimama katika mita 30 hivi tangu ulipoiona hatari. Kwa 100, zaidi ya mita 90. Uwanja wa mpira karibu wote. Sasa fikiria barabara ya Bamburi jioni, tuktuk zinakatiza, watoto wanatoka chuoni, mkokoteni wa maji hauna taa.

Hesabu nyingine, kwa anayetaka kujua pigo lina uzito gani. Kugonga kitu kisichosogea kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha kama mita 10, yaani juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 ni mita 25, ghorofa nane hivi. Ndiyo maana ndani ya miji sheria imeweka kilomita 50, na ndiyo maana takwimu za NTSA mwaka baada ya mwaka zinawataja wapanda pikipiki pamoja na waendao kwa miguu kama kundi kubwa la wanaokufa barabarani Kenya.

Wale barobaro wanaokusanyika usiku wa manane kushindana na kuinua gurudumu la mbele, wengi wao wana kipaji. Nimewaona. Mizani yao si mchezo. Tatizo ni kwamba wanakifanyia kipaji hicho mahali ambapo mzee anayetoka kumtazama mgonjwa anavuka, na pikipiki walizonazo ni za kazi, za breki ya ngoma na matairi membamba, zilizoundwa kubeba gunia la mchele. Mbio za pikipiki ni mchezo unaotambulika. Kenya ina shirikisho la michezo ya magari na pikipiki, na kuna mashindano ya motocross yanayofanyika bara kwenye viwanja vya udongo vilivyozungushiwa, daktari yuko kando. Pwani hatuna kiwanja cha namna hiyo kinachojulikana, na hili naliona ni aibu ya serikali zetu za kaunti zote, Kwale hadi Lamu, zinazolalamika kila mwaka juu ya vijana na mbio. Ardhi ya wazi ipo. Kiwanja cha udongo hakihitaji lami. Anayetaka kura za vijana angeanza hapo.

Kabla kiwanja hakijapatikana, kwa mwenye pikipiki ndogo raha iliyo karibu ni safari. Ukishakuwa na miezi sita ya mazoezi, toka Mtwapa baada ya sala ya alfajiri, mkwea njia ya Malindi. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, na kwa mwendo wa 60 na 70 utafika ukiwa umeamka kila kiungo. Upite mashamba ya katani ya Vipingo, ufike Daraja la Kilifi. Pale juu upepo hukuvamia ubavuni, hasa miezi ya kusi, na huja kwa mikupuo. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, kaa katikati ya njia yako na usilipite lori juu ya daraja, kwa sababu lori huziba upepo na ukilimaliza unapigwa wote kwa mara moja. Baada ya Kilifi utaingia kwenye ubaridi wa msitu wa Arabuko Sokoke, barabara inanyooka, na hapo ndipo mkono wa kulia huwashwa. Kuna nyani wanaokaa kandoni na hawaangalii kulia na kushoto. Gede simama unywe chai, uguse cheni uone kama imelegea, utazame matairi. Ukitaka kufika Malindi endelea, ila panga urudi kabla ya jua kutua, kwa kuwa njia ile usiku ina baiskeli zisizo na taa, na taa ya pikipiki ndogo haimuliki mbali ya mita ulizohesabiwa hapo juu.